Mshenga Aliyegawa Kioo Mara Mbili

Bwana Sudi Kasanga alikuwa katikati ya kutoa posa alipogundua kwamba anauza lori.

Alianza vizuri, hilo hata wasiompenda wanakiri. Alikuwa amekaa kwenye kochi la wageni nyumbani kwa Mzee Mhoja, pale Nzega, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawa, simu mkononi. Kwa miezi miwili ile simu ilikuwa ndiyo fahari yake. Kioo chake kiligawanyika: juu jambo moja, chini jambo jingine. Juu aliweka hotuba ya posa, ambayo aliitungia siku tatu nzima. Chini aliweka tangazo la lori, kwa sababu tangu aache udereva wa masafa marefu alikuwa dalali wa malori, na kulikuwa na mteja wa Kahama aliyekuwa akisubiri maelezo.

"Tumekuja kwa sababu kijana wetu Nasibu amemwona binti yenu Zaituni," alisoma kwa ile sauti yake nzito ya kutangazia misiba. "Ni binti mwenye heshima. Ni mtulivu. Amelelewa, akaleleka."

Hapo simu ikatetema. Jicho likateleza, likashuka ghorofa ya chini, na mdomo ukalifuata bila kuuliza.

"Ni la mwaka tisini na nane. Bodi imenyooka, haijagongwa popote. Halili mafuta mengi. Mwenye nalo analiachia kwa sababu hana tena mahali pa kuliegesha."

Nyuma ya pazia, walikokaa akina mama, mtu mmoja aliangua kicheko, kisha akajiziba mdomo kwa kanga.

Mzee Mhoja, baba wa binti, alikuwa amefanya kazi kwenye mizani ya barabarani miaka thelathini na moja. Alipima malori ya watu mpaka akastaafu, na mpaka leo mtu akiingia kwake humtazama kama anayehesabu ekseli. Alimtazama Sudi hivyo hivyo, toka kofia mpaka viatu.

"Endelea," alisema. "Breki zake zikoje?"

"Mzee wangu, naomba radhi. Ni simu hii."

"Simu imefanya nini?"

"Imechanganya mambo."

"Mimi nimesikia mdomo wako."

Wazee wawili waliokaa pembeni mwa Mzee Mhoja walitazama chini. Sudi alijaribu kucheka, lakini hakupata mtu wa kucheka naye, akaacha.

"Nisikilize," akasema Mzee Mhoja. "Sikufukuzi. Binti yangu anamtaka huyo kijana wenu, na kijana mwenyewe sina neno naye. Lakini mwanangu haombwi kwa mzaha. Njooni Alhamisi, saa kumi alasiri. Mara moja tu. Mkiharibu tena, msirudi, na huyo Nasibu nitamwita mimi mwenyewe nimweleze sababu. Na usije peke yako. Njoo na mtu."

Alivyosema neno "mtu", ilikuwa wazi kwamba Sudi hakuwa amehesabiwa.

Nyumbani, habari ilikuwa imefika kabla yake. Dada yake mkubwa, Asumini, alikuwa amemkalia mlangoni, mikono imefungwa kifuani. Hawa wawili ndio waliomlea Nasibu baada ya kaka yao kufariki; Sudi ni baba yake mdogo, Asumini ni shangazi yake. Posa hii ilikuwa ndiyo kazi kubwa iliyobaki katika kumlea kijana yule.

"Sudi," alisema Asumini. "Una miaka hamsini na miwili. Umefika Lusaka. Umefika Lubumbashi. Umekaa Kigali mpaka ukaanza kutuletea habari za chai yao. Halafu posa ya mtoto wa marehemu kaka yetu unaichanganya na lori?"

"Siyo mimi, dada. Simu ndiyo dhaifu."

"Simu dhaifu."

"Inafanya mambo mawili, lakini haifanyi kweli kweli. Nikishughulika huku, kule kunalala. Nikirudi kule, huku kunalala. Sasa ile ya chini iliposhtuka usingizini, ikanishtua na mimi. Ningekuwa na simu isiyolala, haya yote yasingetokea. Mimi kufanya mambo mawili nimezoea. Nilikuwa natoka Tunduma, mkono mmoja usukani, mkono mwingine hindi la kuchoma, na huku nabishana na utingo."

"Ndivyo ulivyoingia kwenye duka la mikate pale Mbeya."

"Lile duka lilijengwa karibu mno na barabara, dada. Hata polisi walisema."

Asumini alimtazama kwa muda, akainuka, akaingia ndani. Kuna uchovu ambao haupigi kelele, unaingia tu ndani na kufunga mlango.

Kesho yake Sudi alikwenda kwa Nasibu mwenyewe. Kijana ni fundi simu, ana kibanda chake upande wa nyuma wa soko, kimejaa vioo vilivyopasuka na betri zilizovimba. Sudi aliweka simu mezani kama mtu anayempeleka mtoto mtukutu kwa mwalimu.

"Ifanyie dawa. Inalala."

Nasibu hakuigusa. "Ba'mdogo, kulala si ugonjwa. Imetengenezwa hivyo. Unachokitazama ndicho kinachofanya kazi, kingine kinapumzishwa ili chaji isiishe na simu isichemke. Ukikihitaji, kinaamka."

"Basi hiyo ni simu ya uvivu. Mimi nataka vyote viwe macho kwa pamoja."

"Vya nini?"

"Vya nini? Vya maisha."

"Watu mia wanapita hapa kwa wiki," alisema Nasibu. "Anapiga simu, anamaliza. Anaandika ujumbe, anamaliza. Akitaka muziki, unaimba huku anaandika, na hata hiyo yako inaweza. Sijaona mtu wa kawaida aliyekwama kwa sababu simu yake imefanya jambo moja moja."

"Mimi si mtu wa kawaida. Mimi ni dalali."

"Wiki hii wewe ni mshenga, Ba'mdogo." Nasibu alisema taratibu, anazungusha bisibisi vidoleni. "Zaituni hajanipigia tangu jana. Nikimpigia anasema baba yake yupo karibu, anakata. Nakuomba. Alhamisi nenda na mikono mitupu."

Sudi alimwona kijana amekonda kwa siku moja. Alimshika bega, akamwambia asiwe na wasiwasi, yeye Sudi amevuka mipaka sita na hakuna mpaka uliomshinda. Na alimaanisha. Shida ya Sudi haikuwa moyo. Moyo wake ungeweza kubeba tani thelathini bila kulalamika. Shida ni kwamba, alipokuwa akitoka pale kibandani, kilichobaki kichwani mwake katika maneno yote ya kijana ni kwamba simu yake ni ya uvivu.

Jumatano akaibadilisha. Akarudi nyumbani na nyingine, kubwa kama sahani ya chapati, ambayo aliyempa aliapa kwamba haina usingizi. Sudi aliijaribu jikoni. Akaiacha inarekodi sauti, juu ikaonyesha mpira, chini akamwandikia yule wa Kahama, na hakuna kilichosimama. Alimwita Asumini aone maajabu.

"Unaona? Mpira unaendelea. Naandika. Na huku inakurekodi wewe. Vyote viko macho."

"Nimekwambia nini sasa hivi?" Asumini aliuliza.

"Lini?"

"Sasa hivi, wakati unaandika."

Sudi alifikiri. "Subiri, nitakuchezea rekodi."

"Nimekwambia ugali unaungua," alisema Asumini, na wakati huo hata jirani alishajua.

Alhamisi saa kumi kasoro walikuwa kwa Mzee Mhoja, Sudi na dada yake. Simu ilikuwa mfuko wa ndani wa kanzu. Njiani Asumini alimwomba aiache nyumbani, akakataa. Alimwomba aizime, akasema simu ya aina ile haizimwi ovyo. Alimwomba basi asiitoe. Kwa hilo Sudi alinyamaza, na Asumini, kwa uchovu, akakuchukulia kunyamaza kule kuwa ndiyo.

Mzee Mhoja aliwapokea, akawaketisha, akaenda moja kwa moja kwenye jambo.

"Leo sitaki hotuba. Mwenye kauli ya mwisho katika nyumba hii ni mama yangu, Bi Kalunde. Yuko uani. Nendeni mkamsikilize. Ana mambo matatu kwa ajili yenu. Sudi, wewe ndiye mshenga, kwa hiyo wewe ndiye utakayeniletea. Nataka matatu. Ukiniletea mawili, tutaagana kwa amani, na hiyo ndiyo itakuwa mara ya mwisho."

Sudi karibu atabasamu. Alikuwa amejiandaa kwa maswali ya ukoo, ya dini, ya tabia za kijana. Kumbe kazi ni kusikiliza. Kwa kazi ya kusikiliza, mfukoni alikuwa na chombo kisichojua kulala.

Bi Kalunde alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mtungi, ungo wa karanga mapajani, anabangua. Alikuwa mdogo wa mwili, na sauti yake ilikuwa ndogo zaidi. Walimwamkia, akaitika, akawaonyesha mkeka. Sudi aliketi, akaitoa simu, akaiwasha irekodi, akaiweka gotini. Asumini alimkanyaga mguu. Sudi akamnong'oneza kwamba hii ni kwa ajili ya usahihi.

Na ilikuwa kweli, kwa muda wa dakika moja hivi. Kisha sehemu ya chini ya kioo ikamulika. Mteja wa Kahama: lori bado lipo?

Sudi aliwaza haraka, kama mtu wa barabarani. Simu inasikiliza. Kama simu inasikiliza, mimi nina nafasi. Akaandika: Lipo. Kahama akauliza kuhusu tairi. Sudi akaandika: Za nyuma mpya, za mbele nusu. Karanga zilikuwa zinalia kra, kra, kra. Sauti ya bibi ilikuwa inakuja na kwenda, kama redio ya jirani. Kila iliponyamaza, Sudi aliweka "ndiyo, mama" au "naam", maana yeye ni mtu mwenye adabu. Kahama akauliza kuhusu gia. Suala la gia ni refu. Sudi aliinama.

Alipoinua kichwa, Bi Kalunde alikuwa amerudia karanga zake, na Asumini alikuwa anajifuta mdomo kwa upindo wa kanga.

"Tayari?" aliuliza Sudi.

"Tayari," alisema Asumini, na hakuongeza neno.

Sudi akaihifadhi rekodi, akahakikisha mara mbili kwamba imehifadhiwa, akaingia sebuleni kifua mbele.

"Haya," akasema Mzee Mhoja. Wale wazee wawili walikuwa pale pale, na pazia lilikuwa limejaa masikio. "La kwanza."

"Mzee wangu, kumbukumbu ya mwanadamu inateleza. Hii haitelezi. Naomba mumsikilize mama kwa sauti yake mwenyewe."

Akaiweka simu katikati ya meza, spika juu kabisa.

Karanga zililia, kisha sauti ya Bi Kalunde ikatoka, safi kama yupo pale. "La kwanza. Zaituni akikasirika huwa hanyamazi. Kijana asimkatize. Amwache amalize, ndipo ajibu. Baba yake alikuwa akimkatiza mama yake miaka kumi, na hakuna alichopata."

Mzee Mhoja alikohoa. Nyuma ya pazia mtu alisema, "Ewaa."

"Ndiyo, mama," ilijibu sauti ya Sudi ndani ya simu.

"La pili. Uzazi wa kwanza aletwe hapa, akae siku arobaini. Mtoto nimwogeshe mimi. Nikiwa sipo tena, mtajua ninyi nani amwogeshe, lakini iwe hapa hapa."

"Naam," ilisema simu, kwa sauti ya Sudi.

Sudi alimtazama Mzee Mhoja kwa macho ya mtu anayekaribia kushinda. Mawili tayari, neno kwa neno.

Karanga zikanyamaza. Ikasikika kata ikigonga mtungi, na maji yakimiminwa.

"La tatu ni hili. Pokea."

"Ndiyo, mama."

"Pokea, baba."

"Nakusikia kabisa, mama."

Kukawa kimya kirefu kwenye rekodi. Ulisikika mbofyo wa vidole, tiki tiki tiki, juu ya kioo.

"Mkono wangu una miaka themanini na mitatu," ilisema sauti ya bibi. "Pokea basi."

"Hilo halina shida, mama. Tutalitekeleza."

Sebuleni hakucheka mtu, na hapo ndipo Sudi alipojua kwamba mambo ni mabaya. Aliruka akabonyeza kioo. Picha ikafungika, sauti ikaendelea. Akabonyeza tena, likafunguka lori. Sauti ikaendelea. Akafunga lori, ukafunguka mpira, na chini ya makelele ya mpira pumzi ya yule bibi ikawa inasikika bado, taratibu, ikisubiri. Aliyempa simu hakumdanganya. Ilikuwa haina usingizi hata chembe.

Kisha ikaja sauti nyingine. Ilikuwa ya Asumini.

"Nipe mimi, mama."

"Wewe ni nani kwa kijana?"

"Shangazi yake."

Yakasikika maji yakinywewa, yote, mpaka kikombe kikawekwa chini.

"Yamekwisha," ilisema sauti ya Bi Kalunde. "Mjukuu wangu ni wenu. Huyu mwenzio anaumwa?"

"Haumwi, mama. Ndivyo alivyo."

Rekodi ikafika mwisho. Sudi alibaki ameinama juu ya meza, kidole hewani.

Mzee Mhoja alijiegemeza. "Hapa kwetu," alisema, "mama hatoi jibu kwa maneno. Anampa mgeni maji kwa mkono wake. Yakipokelewa, posa imepokelewa. Akilazimika kuyaweka chini, hakuna wa kumwinulia tena, hata mimi mwanawe siwezi. Nilikuwa nimesimama dirishani. Mkono ulishaanza kushuka."

Sudi alimgeukia dada yake. "Ulijua kwamba ndiyo maana yake?"

"Ningejulia wapi? Nilimwona mama wa watu amenyoosha mkono, mkono unatetemeka. Nikapokea."

Nyuma ya pazia vigelegele vikaanza, kwanza kimoja, kisha vyote. Mtu alikuwa anakimbia na ndala kwenye sakafu kuelekea chumba cha ndani, na bila shaka Zaituni alikuwa ameshika simu yake kumpigia Nasibu, na bila shaka hakuwa anafanya jambo lingine lolote wakati huo.

Macho ya Sudi yalimlowa. Alifurahi kweli. Lakini mtu aliyebishana wiki nzima haachi ubishi wake mlangoni kama viatu.

"Hata hivyo tukubaliane jambo moja, wazee," alisema. "Simu imefanya kazi. Imemsikia mama, yote matatu, na wakati huo huo nimemjibu mteja. Vyote viwili kwa pamoja. Hakuna kilicholala."

"Mteja amesema nini?" aliuliza Mzee Mhoja.

Sudi aliufungua ujumbe. Akausoma kimya. Akaurudia.

"Soma kwa sauti," alisema Mzee. "Kusoma kwa sauti unakujua."

Mahali pa kumweleza habari za gia, Sudi alikuwa ameandika: *Ndiyo mama, nakusikia kabisa.* Chini yake mteja wa Kahama alikuwa amejibu: *Mama ni nani? Mimi naitwa Shigela, nina ndevu. Lori nimepata kwingine.*

Sasa walicheka. Walicheka wazee, likacheka pazia, na Sudi mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, akacheka nao. Aliitazama ile sahani mezani, inang'aa, kila kitu ndani yake kiko macho.

"Simu sina neno nayo," alisema Mzee Mhoja akipangusa macho. "Imefanya mawili kama ulivyosema."

"Na mimi?" Sudi aliuliza, akimgeukia Asumini, kwa ile sauti ya ndugu mdogo anayetaka kuhurumiwa kidogo tu, kwa ajili ya damu. "Dada, sema kweli. Katika posa hii mimi nimefanya nini?"

"Umeshika simu," alisema Asumini.

Funzo: Simu ikiweza kufanya mambo mawili kwa pamoja, hongera yake, lakini aliye mbele yako amekunyooshea mkono wewe, si simu, na kwa maisha ya kila siku jambo moja linalofanywa mpaka likaisha linatosha.